Kuifufua Land Rover 109 Nyumbani Uyole: Breki Kwanza, Injini Baadaye

Karibu kila aliyeingia uani kwangu hapa Uyole, Mbeya, na kuikuta pikapu ya Land Rover 109 imeketi juu ya magogo, haina matairi wala milango, alianza na swali moja: "Utaiwekea injini gani?" Nalielewa swali hilo, kwa kuwa injini ndiyo inayosikika na ndiyo inayosifiwa vijiweni, lakini kwa barabara zetu naona si la kuanza nalo. Ukitoka hapa kwenda Kyela unapanda kwanza hadi Isyonje, kisha unateremka kupitia Kiwira na Tukuyu mpaka kwenye tambarare ya Ziwa Nyasa, ambalo uso wake uko takriban mita 475 tu juu ya usawa wa bahari, ilhali Uyole iko kwenye mita 1,800 hivi. Ukishika njia ya Dar es Salaam, kuna mteremko wa Kitonga mkoani Iringa. Gari lenye injini dhaifu litakuchelewesha kwenye mwinuko, basi. Lenye breki dhaifu litakuua kwenye mteremko. Kwa sababu hiyo fedha na nguvu zangu zilianzia kwenye chasisi, zikaenda kwenye breki na usukani, na injini ikasubiri zamu yake.

Pikapu yenyewe ni ya Series III, toleo lililotengenezwa kati ya 1971 na 1985. Hiyo 109 ni idadi ya inchi kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma, sawa na sentimita 277 hivi. Niliinunua kwa mzee mmoja wa Makete aliyekuwa akibebea viazi mviringo na pareto, na tangu injini yake ilipokufa ilikuwa imeegeshwa chini ya mikaratusi, mvua yake na jua lake. Pamoja na hayo bodi ilikuwa nzima kabisa, na sababu yake ni ya kihistoria. Land Rover ya kwanza ilipoonyeshwa Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948, Uingereza ilikuwa bado inagawa chuma kwa mgao baada ya vita, hivyo watengenezaji wakaamua kutumia aloi ya alumini kwenye bodi. Uamuzi uliotokana na uhaba umezifanya gari hizi ziishi miaka mingi kuliko wengi walivyotarajia. Tatizo ni kwamba chasisi iliyo chini ya bodi hiyo ni ya chuma, nayo huoza kama chuma kingine chochote. Mnunuzi anaona mabawa yaliyonyooka na milango isiyo na tundu, anatoa fedha, na fremu anayoinunua imebaki ganda.

Fundi mmoja mzee wa kuchomelea, aliyenifundisha mengi ya kazi hii, aliniambia, "Mwanangu, gonga kwanza, bei mtaongea baadaye." Chasisi ya Land Rover imeundwa kwa mabamba manne ya chuma yaliyounganishwa kuwa bomba la pembe nne, na ndani ya bomba hilo huingia tope na maji yasiyoona jua tena. Kutu huanzia ndani, hivyo rangi ya nje inaweza kuwa nzuri na chuma kimekwisha. Ukigonga kwa nyundo ndogo, chuma kizima hulia kwa sauti kali inayorudi mkononi, na kilichooza hutoa sauti iliyozibwa na wakati mwingine nyundo hutumbukia. Maeneo ya kugonga bila haraka ni mhimili wa mwisho kabisa wa nyuma, mikono inayotoka pembeni kubeba bodi, na sehemu zote zinaposhikwa springi. Kwenye gari langu mhimili wa nyuma ulikuwa umekwisha, pamoja na mikono miwili ya upande wa kushoto, lakini reli ndefu zote mbili zililia vizuri kuanzia mbele hadi kwenye ekseli ya nyuma. Kama reli hizo zingekuwa zimeoza katikati, ningemwachia mzee gari lake.

Kabla ya kukata chochote tulichomelea vyuma vya muda vya kuishikilia fremu isijipinde, tukapima kwa utepe kutoka kona hadi kona na kuandika vipimo kwa chaki ukutani, ili baada ya kazi tupime tena na kulinganisha. Kukata kunatakiwa kufike kwenye chuma kinachong'aa, hata kama shimo lililoonekana mwanzoni lilikuwa la ukubwa wa sarafu. Kubandika kiraka juu ya kutu, kazi inayofanywa mara nyingi ili gari liuzwe, ni kuficha ugonjwa: chuma chembamba hakishiki moto, hutoboka pembeni mwa kiraka, na ndani ya kiraka hubaki mfuko mpya wa maji. Tulitumia bamba la milimita 3, tukaacha matundu ya kutolea maji kila mahali kiwanda kilipoyaweka, na nyaya za betri na alteneta zilikuwa zimefunguliwa tangu asubuhi, kwa sababu umeme wa mashine ya kuchomelea unaweza kuunguza alteneta. Nje tulipaka rangi ya kuzuia kutu tabaka mbili kabla ya rangi nyeusi, na ndani ya bomba nikamimina grisi iliyopashwa moto na kulainishwa kwa oili safi mpaka ikachuruzika kwenye matundu. Wengi hapa hutumia oili chafu kwa kazi hiyo. Mimi siipendi, kwa kuwa inalainisha na kuharibu bushi za mpira, na ikidondoka inachafua udongo wa bustani ambamo nalima mboga za nyumbani.

Kuna jambo jingine linalohusu alumini na chuma. Metali hizi mbili zikigusana penye unyevu, alumini ndiyo inayoliwa, na hugeuka unga mweupe kuzunguka boliti. Nilipofungua sehemu ya kubebea mizigo niliukuta unga huo kila boliti ilipopita. Dawa yake ni kuzitenganisha: kipande cha mpira kati ya bamba na chuma, washa ya plastiki chini ya kichwa cha boliti, na boliti zilizopakwa zinki. Ni kazi ndogo inayochosha, na mtu atakayelifungua gari hili miaka 20 ijayo ataona faida yake.

Springi za mabamba zilishushwa zote nne, zikafunguliwa bamba moja moja, zikasuguliwa kwa brashi ya waya na kupakwa grisi ya grafiti. Shughuli ilikuwa kwenye bushi. Bushi ya Land Rover ni mpira ulioshikwa kati ya mabomba mawili ya chuma, na baada ya miaka ya tope lile bomba la nje huwa limeshikana na jicho la springi kiasi kwamba presi huipinda springi kabla bushi haijasogea. Njia iliyonifaa ni ya pole pole: unatoboa mpira kuuzunguka kwa drili hadi bomba la ndani lidondoke, unasafisha mpira uliobaki, kisha unapitisha msumeno wa chuma ndani ya jicho na kuukata ukuta wa lile bomba la nje kwa urefu wake, ukiangalia kila mara usiingie kwenye springi yenyewe. Msumeno unapokaribia kumaliza, unga unaotoka hubadilika kutoka wa kahawia wa kutu kuwa wa kijivu unaong'aa, na hapo ndipo unapoacha. Kwa patasi nyembamba na mapigo mawili matatu bomba hujikunja kuelekea ndani na kutoka lenyewe. Wapo wanaochoma bushi kwa moto, lakini moto huo huo huondoa ugumu wa chuma cha springi, na springi iliyochomwa itakatika siku imebeba gunia.

Kwa usukani nataka kutoa tahadhari moja tu. Ndani ya mhimili wa mbele wa chasisi umo mkono wa kati unaopokea nguvu kutoka sanduku la usukani na kuipeleka kwenye magurudumu, na ndani yake kuna springi nene iliyobanwa kwa nguvu nyingi mno. Asiyejua akiufungua mezani, vipande huruka kama risasi. Ufungwe ndani ya gunia na kukazwa kwa kamba kabla ya kuguswa, au upewe fundi anayeujua. Wangu ulikuwa mzima. Niliutoa kwa uvumilivu mwingi, nikaujaza oili mpya na kuurudisha.

Sasa breki, ambazo ndizo zilizonifanya niandike. Gari za Series III nyingi za awali zilikuja na mfumo wa njia moja: masta silinda moja husukuma mafuta kwenda magurudumu yote manne. Bomba moja likipasuka popote, au silinda ya gurudumu moja ikivuja, pedeli inakwenda sakafuni na hakuna kinachobaki. Huo ulikuwa mfumo wa gari langu, na mabomba yake yalikuwa yamevimba kutu chini ya vibanio. Nimeweka masta silinda ya njia mbili yenye busta, yaani chombo kinachotumia mvuto wa hewa kuongeza nguvu ya mguu, ya aina iliyofungwa na kiwanda kwenye matoleo ya baadaye, ili breki za mbele na za nyuma zijitegemee. Mabomba yote ni mapya, na mipira mitatu inayonyumbuka pia ni mipya, kwa sababu mpira wa zamani huweza kuvimba ndani na kubana mafuta huku nje ukionekana hauna tatizo.

Niliulizwa kwa nini sikuweka breki za diski mbele. Diski ni nzuri: hupoa haraka na hukauka haraka baada ya kuvuka maji. Ila seti ya kuzifunga kwenye ekseli ya 109 huagizwa kutoka nje kwa bei kubwa, na dramu za inchi 11 zilizo sawa zinatosha kwa mzigo ninaobeba, mradi dereva azielewe. Kila gurudumu la mbele lina viatu viwili vya breki, yaani vipande vinavyobana dramu kwa ndani, na silinda mbili, na vyote viwili vimepangwa ili mzunguko wa dramu uvivute vijikaze zaidi gari linapokwenda mbele. Gari likirudi nyuma mpangilio huo hufanya kazi kinyume, nguvu ya breki za mbele hupungua sana. Dereva aliyezimikiwa na gari kwenye mwinuko na kuanza kurudi kinyumenyume anapaswa kulijua jambo hili kabla halijamkuta.

Breki ya mkono nayo ni ya pekee. Haishiki magurudumu moja kwa moja. Ina dramu yake nyuma ya giaboksi na hushika propela shafti, mhimili unaopeleka nguvu kwenye ekseli ya nyuma. Ndiyo maana ukipandisha gurudumu moja la nyuma kwa jeki, breki ya mkono huwa haifai kitu, kwa kuwa difu, zile gia za ekseli zinazoruhusu gurudumu moja lizunguke tofauti na jingine, hulizungusha lile gurudumu lililo hewani na gari likaondoka. Wanaofanya kazi hizi nyumbani, penye watoto, waweke mawe au vipande vya mbao mbele na nyuma ya magurudumu kila mara, hata kwenye uwanja unaoonekana tambarare.

Mafuta ya breki ni kitu kidogo kinachopuuzwa kuliko vyote. Mafuta ya DOT 4 yakiwa mapya hayachemki kabla ya kufika nyuzi 230, lakini hunyonya unyevu kutoka hewani, na yakishanyonya kiwango chake cha chini kinachokubalika hushuka hadi nyuzi 155. Kwenye mteremko mrefu, joto la dramu hufika kwenye silinda, yale maji yaliyomo yanageuka mvuke, na mvuke hubanika wakati mafuta hayabaniki, kwa hiyo pedeli inalegea ghafla katikati ya kona. Kila baada ya miaka miwili mafuta yote yatolewe, hata kama ni masafi kwa macho. Na hata hivyo Kitonga hateremki mtu kwa pedeli: unashuka kwa gia ileile ambayo ungepandia, na breki inaguswa kwa vipindi.

Baada ya hayo ndipo injini ilipoingia. Injini ya dizeli ya lita 2.25 iliyokuja na gari ilitoa nguvu farasi zipatazo 62 ikiwa mpya, na hizo zilipimwa karibu na usawa wa bahari. Injini isiyo na turbo hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 unazopanda, kwa sababu hewa inakuwa nyepesi, kwa hiyo hapa Uyole zinabaki kama 51, na kule uwanda wa Kitulo, juu ya mita 2,600, hazifiki 47. Wazee waliobeba viazi kutoka Makete kwa gari hizi walikuwa na subira ya kweli. Turbo husukuma hewa kwa nguvu ndani ya silinda na kufidia sehemu kubwa ya upungufu huo, na kwa mtu wa Nyanda za Juu hiyo ndiyo sababu ya msingi ya kuitaka, kuliko mwendo kasi.

Nilichagua injini ya 200Tdi ya lita 2.5, iliyoanza kufungwa kwenye Land Rover Discovery mwaka 1989, nikaipata kwenye gari lililokuwa likiuzwa vipande vipande. Ina nguvu farasi 111, na ni ya ukoo mmoja na ile ya 2.25, hivyo inaungana na giaboksi ya zamani bila bamba la kati. Ni boliti chache tu zinazohitaji kuhamishwa. Usumbufu ni kwamba turbo ya Discovery imekaa chini na inagombania nafasi na mkono unaoshikilia injini na reli ya chasisi. Wapo wanaokata mkono huo. Mimi nilitafuta manifodi (bomba la kutolea moshi linalobeba turbo) ya Land Rover Defender, ambayo huiweka turbo juu, kwa kuwa sikutaka kupunguza chuma kwenye chasisi niliyotoka kuitengeneza. Faida nyingine inarudi kwenye breki: dizeli haina mvuto wa hewa wa kutosha kwenye njia yake ya kuingizia hewa wa kuendesha busta, na 200Tdi inakuja na pampu yake ya kutengeneza mvuto huo.

Nguvu ya kuzungusha (toki) ya injini hii inafika Nyutoni-mita 265, karibu mara mbili ya ile ya zamani, na giaboksi haikutengenezewa hilo. Kwa hiyo pampu ya dizeli sikuigusa, ingawa nilishauriwa kuifungua kidogo ili gari "liamke". Difu pia nimeziacha na uwiano wake wa 4.7, yaani propela shafti huzunguka mara 4.7 kwa mzunguko mmoja wa gurudumu, wakati wengi huweka za Discovery za 3.54 ili injini izunguke taratibu barabarani. Kwa hesabu yangu, kwa tairi za 7.50 kwa 16, mwendo wa kilomita 80 kwa saa unataka mizunguko kama 2,900 kwa dakika, jambo ambalo injini inalistahimili, na kwenye mwinuko wenye tope nabaki na nguvu nitakayoishukuru. Tairi nazo ni zilezile nyembamba. Tairi pana zinapendeza kwa macho, lakini usukani usio na msaada wa haidroliki unakuwa mzito, na kwenye udongo wetu mwekundu wa masika tairi pana huelea juu ya tope mahali ambapo nyembamba hulikata na kufika penye ardhi ngumu.

Upoozaji ni suala ambalo urefu wetu kutoka usawa wa bahari huligusa moja kwa moja. Maji ya wazi huchemka kwenye nyuzi 94 hivi hapa Uyole, na Kitulo hushuka hadi karibu na 91, kwa hiyo mfuniko wa rejeta unaoshikilia presha ni kiungo cha injini kama kilivyo kingine. Mfuniko uliolegea utaichemsha injini nzima isiyo na tatizo lolote, na hedi ya 200Tdi ni ya alumini, ikichemka hupinda. Kulanti nayo ni ya lazima, maji ya bomba hayafai: huzuia kutu ndani ya hedi, na Juni na Julai, barafu inapolala juu ya majani kule Kitulo, huzuia maji kuganda ndani ya rejeta usiku.

Umeme niliufumua wote na kuusuka upya kwa kufuata rangi za kiwanda, ili fundi yeyote atakayekuja aelewe waya wa kahawia unatoka betri na mweusi unakwenda bodi. Taa kubwa zina rilei zake sasa, yaani swichi za umeme zinazozipa umeme moja kwa moja kutoka betri, na tofauti yake kwenye ukungu wa Isyonje ni kubwa. Rangi ya bodi nilipuliza ileile ya kijani iliyofifia.

Kilichobaki ni karatasi na turubai. Kadi ya gari inaonyesha namba ya injini, na injini ikibadilishwa taarifa hiyo inatakiwa kurekebishwa Mamlaka ya Mapato (TRA), pamoja na kuonyesha hati ya mauziano ya injini, kwa hiyo anayenunua injini ya mtumba asikubali kuondoka bila karatasi yake. Fomu zangu ziko tayari. Turubai nimempa fundi wa mahema wa Mwanjelwa aishone kwa vipimo vya vyuma vya nyuma, na ikikamilika kabla ya mvua za Novemba, mzigo wa kwanza utakuwa mbegu za viazi za kupeleka Makete, kwa mzee yuleyule aliyeniuzia gari.